Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 19: Kuhesabu Makaburi



Ndugu zangu, wazee wangu, mama zangu na vijana wa Sindeni, na nyote mnaotufuatilia kutoka Handeni, Korogwe na huko mijini mlikotawanyika kutafuta riziki. Funga iwe nyepesi. Leo nitarefusha kidogo, mtaniwia radhi. Mwenye haraka asome baada ya futari, kichwa kikiwa kimetulia.

Suratut Takathur tunaisoma sana kwenye swala kwa sababu ni fupi. Watoto wetu wa madrasa wanaimaliza kwa pumzi moja. Lakini hebu tusimame pale mwanzoni tu, Mwenyezi Mungu anapotuambia kwamba kushindana kwa wingi kumetushughulisha mpaka tukayazuru makaburi. Wengi tunafahamu hapo kuwa ni mali, na mpaka kufa. Sawa, maana hiyo ipo. Lakini baadhi ya wanazuoni, akiwemo Imam al-Wahidi katika kitabu chake cha sababu za kushuka kwa aya, wametaja kisa cha koo mbili za Makuraishi, Banu Abdi Manaf na Banu Sahm. Zilibishana ukoo upi una mabwana na watukufu wengi zaidi. Wakahesabu walio hai, Banu Abdi Manaf wakazidi. Wale wengine hawakukubali. Wakasema, tuhesabuni na waliokufa! Wakaenda mpaka makaburini wakawa wananyoosha vidole: huyu wetu, yule wetu, na huyu pia wetu. Banu Sahm wakazidi kwa makaburi.

Jamani, watu wazima wenye ndevu wanakwenda makaburini, si kuwaombea wafu, si kukumbuka mauti, wanakwenda kuchukua hesabu ya ushindi. Mtu akisikia anacheka. Mimi leo nataka tuangalie kama tumeacha.

Mnajua ile Tuzo ya Nobeli, inayotolewa kule Sweden na Norway tangu mwaka 1901 kwa wanasayansi, waandishi na watu wa amani. Vyuo vikuu vikubwa vya dunia vina orodha zake. Chuo cha Cambridge, Uingereza, kinahesabu washindi zaidi ya 120 kuwa ni wake. Oxford wana orodha yao, Harvard wana yao. Na ukiangalia hesabu inavyofanyika, utaona mambo. Aliyesoma pale, ni wao. Aliyefundisha pale, ni wao. Aliyekuja kufanya utafiti kisha akaondoka, naye ni wao. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuhesabiwa na vyuo vitatu au vinne, kila kimoja kinasema, huyu wetu. Na cha ajabu ni hiki: kwa kanuni zao wenyewe, tangu mwaka 1974, tuzo hapewi mtu aliyekwisha kufa, labda awe amefariki baada ya jina lake kutangazwa. Tuzo ni ya walio hai. Lakini orodha za vyuo, sehemu kubwa ya majina ni ya marehemu. Banu Abdi Manaf na Banu Sahm, wamevaa majoho tu.

Msije mkaniambia hayo ni ya Wazungu. Yamefika mpaka kwetu, tena karibu sana.

Tarehe 7 Oktoba 2021 lilitangazwa jina la Abdulrazak Gurnah kuwa mshindi wa Nobeli ya fasihi. Mzaliwa wa Zanzibar, mwaka 1948. Aliondoka kijana mdogo, baada ya Mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza, akasoma Canterbury, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akapita kufundisha Kano huko Nigeria, kisha akafundisha Kent mpaka kustaafu. Alipopigiwa simu kuambiwa ameshinda, alidhani ni utani. Siku ile ile Canterbury wakasema ni wetu. Marais wetu wawili, wa Muungano na wa Zanzibar, wakatoa pongezi. Na mitaani ubishi ukawaka: Mtanzania au si Mtanzania? Sheria yetu hairuhusu uraia pacha, sasa itakuwaje tumshangilie? Wengine wakauliza, alipoondoka mlimsindikiza? Wengine wakasema damu ni damu. Wengine wakaingia mpaka kwenye kabila la babu zake.

Sikulaumu mtu aliyefurahi. Mimi mwenyewe nilifurahi, na nitaeleza chini furaha hiyo nafasi yake iko wapi katika dini. Lakini angalia tulichobishania. Tulibishania jina. Katika wote waliobishana, wangapi walikuwa wamesoma hata ukurasa mmoja aliouandika? Kitabu chake kimoja mashuhuri, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, kimefasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi* na kikatolewa mwaka 2022, baada ya tuzo. Ndani yake kuna mtoto anaitwa Yusuf, ana miaka kumi na miwili, baba yake anadaiwa na tajiri, deni halilipiki, basi mtoto anachukuliwa awe rehani. Anaambiwa anakwenda kwa mjomba. Baadaye anaingia kwenye misafara ya wafanyabiashara wa pwani kwenda bara, misafara ya aina ile ile iliyopita katika nchi yetu hii ya Uzigua zama za mababu zetu.

Mtoto anatolewa kwa deni la baba yake. Hilo si jambo la vitabuni tu, ndugu zangu. Hapa kwetu mwaka wa ukame, mahindi yakikauka shambani, binti wa darasa la saba anapelekwa mjini kwa mtu anayeitwa "shangazi", na mshahara wake unatumwa kwa simu ya baba. Mwandishi alitaka tulione hilo. Sisi tukabishana pasipoti.

Ya Profesa Wangari Maathai wa Kenya inauma zaidi. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Mwaka 1982 akaacha kazi pale chuoni ili agombee ubunge. Akaenguliwa, asigombee. Akarudi chuoni kuomba kazi yake, mlango ukafungwa, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Miaka ikapita, akapanda miti na kina mama, akapigwa, akawekwa ndani, akadharauliwa hadharani na wakubwa. Mwaka 2004 akapewa Nobeli ya amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika. Na leo Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi inayobeba jina lake.

Simsemi mtu vibaya. Kumuenzi ni kheri, na kurudi kwenye haki ni kheri pia. Lakini tujiulize sisi wenyewe: kumhesabu mtu baada ya kushinda kuna ugumu gani? Kazi ilikuwa mwaka 1982, siku anagonga mlango hana tuzo wala cheo, ana watoto na mizigo yake. Siku hiyo ndiyo ya kusema "huyu wetu".

Nasi hapa Tanzania tulikuwa na siku yetu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria, hata ishirini hawafiki. Kikahamia kule juu, watu wakakiita Mlimani, na jina likakaa. Mkulima wa Handeni wakati ule hakujua hata kusoma jina lake, lakini pamba yake na katani ya Korogwe ndivyo vilivyomsomesha yule kijana aliyeko mlimani. Oktoba 1966 wanafunzi wakaandamana. Walitakiwa waingie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa muda fulani wapokee sehemu tu ya mshahara, asilimia arobaini. Wakakataa. Wakabeba mabango, mojawapo likidai kwamba wakati wa mkoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza karibu 400 warudi kwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia ishirini. Wengi walirudishwa baadaye.

Watu wanabishana hadi leo kama Mwalimu alikuwa mkali mno. Kufukuza wanafunzi wengi kiasi hicho ni jambo zito, na vijana nao walikuwa na hoja, maana waliona wakubwa wanalipwa vizuri wakati wao wanaambiwa wajinyime. Naona hata yeye aliikubali hoja hiyo, ndiyo maana alianza kukata wa kwake. Lakini alikuwa na mfano aliopenda kuutoa, na mfano huo mimi naupenda kuliko hotuba nyingi: kijiji kina njaa, wanakijiji wanakusanya chakula chote kilichobaki, wanampa mtu mmoja mwenye nguvu aende mbali akalete msaada. Sasa yule akila, akashiba, akaridhika huko huko, tumwiteje?

Mwenye shahada yoyote ni yule mtu. Alikula chakula cha kijiji. Kuna mama hapa Sindeni, sitamtaja, aliuza mbuzi mmoja mmoja miaka mitatu ili mwanawe asiondolewe chuoni. Zizi lilikuwa tupu siku ya mahafali. Yule kijana alipovaa joho, zile zilikuwa mbuzi za mama yake zimeshonwa. (Kijana mwenyewe ni mwema, alhamdulillah, anatuma hela na anapiga simu. Nasema haya ili wengine wasikie.)

Hapo ndipo dini inapoingia. Mtume, rehema na amani zimfikie, katika hadithi iliyopokelewa na Imam Muslim, ametueleza kuhusu watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa siku ya Kiyama. Mmoja wao ni mtu aliyesoma elimu, akaifundisha, na akasoma Qur'ani. Anaulizwa amefanya nini na neema. Anasema nimesoma na kufundisha kwa ajili Yako. Anaambiwa umesema uongo, ulisoma ili uitwe mwanazuoni, ulisoma Qur'ani ili uitwe msomaji, na imeshasemwa. Kisha anaburutwa.

Ninapofika hapo kwenye "imeshasemwa", mwili unasisimka. Maana yake mshahara ulishalipwa. Alitaka sifa, sifa alipewa, hakudhulumiwa hata kidogo. Hakuna deni lililobaki la kumlipa. Na tazameni, hakuna pahala palipotajwa kuwa elimu yake ilikuwa mbovu. Huenda alikuwa wa kwanza darasani. Huenda alifundisha maelfu, nao wakanufaika. Elimu ilikuwa nzuri, ila yeye ndiye aliyeuza.

Hata Nabii Musa, amani imfikie, ambaye hatuwezi kumlinganisha na yeyote kati yetu, alipoulizwa mbele ya watu ni nani mjuzi zaidi, akajibu kuwa ni yeye, Mola wake alimtaka asafiri mpaka makutano ya bahari mbili akajifunze kwa mja mwingine. Kisa kipo katika Suratul Kahf na ufafanuzi wake katika Bukhari. Musa hakutuma ujumbe kuuliza huyo mja amesoma chuo gani. Alibeba samaki wake kwenye kapu akaenda.

Sasa mtauliza, je, Ustadhi, kwa hiyo kushindana ni haramu? Tufunge mitihani? Hapana, na hapa tuwe makini, maana watu wengine wakisikia mawaidha ya kibri wanayafanya kisingizio cha uvivu. Qur'ani yenyewe inatuamrisha tushindane katika mambo ya kheri, na ilipotaja neema za Peponi ikasema hayo ndiyo ya kushindania. Mtume ameruhusu kumtamania mwenzio katika mambo mawili: mtu aliyepewa Qur'ani, katika mapokezi mengine hekima, akaitumia, na mtu aliyepewa mali akaitoa katika haki. Na Suratu Yunus inatuambia tuifurahie fadhila ya Mwenyezi Mungu na rehema Yake. Kwa hiyo mtoto wa Sindeni akifaulu, pigeni vigelegele. Binti wa hapa anayechota maji usiku kabla hajafungua daftari, akisikia kwamba msichana kama yeye amekuwa daktari, miguu yake inapata nguvu. Hiyo ni nuru, usiizime.

Tofauti iko wapi basi? Mimi napima hivi. Chukua ushindi unaoufurahia, kisha uuhamishe kichwani. Mpe jirani. Mpe shule ile mnayoshindana nayo, mpe kijiji cha pili, mpe mtoto wa mtu mliyegombana naye kwenye mpaka wa shamba. Elimu ni ile ile, dawa iliyogunduliwa ni ile ile, Qur'ani iliyohifadhiwa ni ile ile. Furaha yako imebaki kiasi gani? Iliyobaki ndiyo ya Mwenyezi Mungu. Iliyoondoka ilikuwa ya nafsi yako. Mtume alishatuambia kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea mwenyewe, na hakuweka kifungu cha "isipokuwa kwenye mitihani".

Kwa kipimo hicho, wallahi, Cambridge wana kazi, na sisi tuna kazi.

Maana na sisi watu wa dini tuna orodha zetu. Kuna ule ujumbe unaozunguka kwenye simu kila Ramadhani, Ibn Sina wetu, al-Khawarizmi wetu, chuo cha Qarawiyyin chetu, karne ya tisa hiyo Ulaya wamelala. Mengi ya hayo ni kweli. Lakini anayesambaza ujumbe huo mtoto wake hajui jedwali la saba. Makaburi yale yale. Na sisi maustadhi tusijifiche: huyu kasoma Madina, yule Azhar, yule Zanzibar, yule "kaishia Tanga mjini tu". Nimewahi kukaa kwenye kikao cha kuchagua mtoa mada ya Maulidi, saa nzima ikaisha tunapima vyeti, na hakuna aliyeuliza nani kati yao anayeeleweka na kina mama waliokaa nyuma.

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne cha mwaka 2022, liliacha ule utaratibu wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora wa taifa. Baadhi ya watu walilalamika kwamba ladha imeondoka. Mimi, kama mtu mwenye diploma ya ualimu niliyeshika chaki, niliona ni sawa. Unamlinganishaje mtoto wa bweni mwenye maabara na umeme, na mtoto wa shule ya kata anayetembea asubuhi na jioni, na nyumbani maji ni ya kwenda kuyatafuta kwa baiskeli na madumu? Ukiwapanga kwenye orodha moja, unachopima ni pochi ya baba. Na orodha ile ilikuwa ikiishia kwenye mabango ya barabarani ya kuuzia nafasi za shule.

Sasa nifike nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo. Mnajua kwamba wiki iliyopita, baada ya mchujo wa kuhifadhi juzuu, katika lile kundi letu kubwa kulitokea maneno. Madrasa hii imetoa washindi wangapi, ile imetoa wangapi, majaji walipendelea, tajwidi ya ustadhi fulani ina kasoro. Watu wamefunga, saa tisa alasiri, vidole vinakula nyama za wenzao. Mzee mmoja akafika mpaka kuhesabu waliohafidhishwa na marehemu mwalimu wa madrasa yao miaka ya themanini. Niliposoma pale nikasema, subhanallah, Banu Sahm hao.

Na kuna jambo nililosimuliwa na bibi mmoja, la madrasa moja isiyo ya hapa, sina haja ya kuitaja. Mjukuu wake, miaka kumi na moja, alihifadhi juzuu nne. Alikuwa anahifadhi njiani anapokwenda kuchota maji, bibi anasema anamsikia akirudi, sauti inatangulia kabla ya ndoo. Siku ya mashindano akawa wa nne, alipungukiwa na nusu alama. Watatu wakapewa zawadi, wakapigwa picha na mgeni rasmi. Wa nne hakutajwa hata jina. Kesho yake hakwenda madrasa, wala kesho kutwa. Bibi akamuuliza. Akajibu, "Bibi, si nimeshindwa?"

Juzuu nne za maneno ya Mwenyezi Mungu ziko kifuani mwake, na sisi watu wazima tumefaulu kumfundisha kwamba ameshindwa.

Kwa hiyo jana baada ya Tarawehe nilikaa na walimu wa madrasa zote mbili na wazee wa kamati. Hatukukubaliana yote. Walimu wawili wanaona kwamba bila namba moja, mbili, tatu, watoto watalegea, na hoja yao nimeiheshimu, kwa hiyo mashindano yatakuwepo na majaji watatoa alama kama kawaida. Lakini siku ya kutoa zawadi, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu in shaa Allah, baada ya Alasiri, kila mtoto aliyekamilisha juzuu hata moja atasimama, atasomwa jina lake, na pamoja naye atasomwa aliyemlea, mama, bibi au nani. Hatutataja jina la madrasa. Kila mmoja atapewa mus-hafu. Yule wa kwanza atapewa kazi ya kuwasomesha wadogo wawili mpaka Ramadhani ijayo, na kamati itamlipia sare na madaftari ya shule kwa mwaka mzima.

Na yule mtoto wa juzuu nne, bibi yake amekubali kumleta. Nauli yao ya kuja na kurudi haijapatikana bado. Mus-hafu zilizopo ni thelathini na mbili, watoto ni arobaini na saba. Mwenye uwezo amuone mweka hazina wa msikiti baada ya swala yoyote. Na tafadhali, atakayetoa asitutumie picha ya muamala kwenye kundi.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.